Plagi za Subaru Yenye Kilomita Nyingi: Soma za Zamani Kabla ya Kununua Mpya



Zamani mali ya kikundi ilikuwa ng'ombe wa gredi, tangi la maji, viti vya kukodisha na sufuria za harusi. Siku hizi, hapa Gilgil na viunga vyake, ukifungua sanduku la mweka hazina unaweza kukuta pia logbook ya gari. Na si lazima liwe pikapu. Wengine wamenunua Subaru ya mtumba kutoka Japani, tena ile ya turbo, kwa kuwa inavuta kwa magurudumu yote manne na haiogopi mwinuko wa Eburru wala matope ya upande wa Ol Kalou. Inabeba mgonjwa usiku, inakodishwa kwa harusi, inapeleka wajumbe mkutanoni Nakuru. Ni gari zuri. Lakini likishatembea kilomita laki mbili na zaidi, linaanza kudai uangalifu ambao pikapu ya kawaida haidai.

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja, kwa hivyo tunalijibu kwa wote: "Gari letu linakohoa likipanda. Kwenye tambarare linaenda sawa, lakini ukikanyaga mafuta mlimani linashtuka-shtuka na kukosa nguvu. Fundi anasema plagi zimekwisha. Mweka hazina anataka za bei nafuu, vijana wanataka za rali. Tununue gani?"

Jibu letu ni kwamba mnunue namba ambayo injini yenu imeandikiwa, lakini msitoe pesa kabla plagi zote nne hazijafunguliwa, zikapangwa mezani na kuangaliwa. Plagi nne si gharama ya kuvunja kikundi. Injini ndiyo gharama. Tunajua vikundi vinavyochanga mia mbili mia mbili kila wiki. Injini moja ikiharibika, hiyo ni michango ya miaka inayokwenda.

Plagi inavyofanya kazi

Plagi ni njia ya cheche. Koili inatoa umeme wa nguvu, zaidi ya volti elfu kumi, na umeme huo unaruka mwanya mdogo ulio kwenye ncha ya plagi. Mafundi wetu huuita gepu. Cheche hiyo inawasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Kadiri hewa iliyobanwa pale ndani inavyokuwa nyingi, ndivyo umeme unavyopata taabu kuruka. Ndiyo sababu gari lenye plagi zilizochakaa halikohoi likiwa limesimama, bali linakohoa mlimani. Ukikanyaga, turbo inasukuma hewa nyingi ndani, shinikizo linapanda, na mwanya ambao umepanuka kwa kuliwa miaka mingi unashinda koili. Cheche inakosekana. "Gari inamisi," kama mafundi wanavyosema.

Kazi ya pili ya plagi watu wengi hawaijui, nayo ni kutoa joto. Ncha ya plagi inakaa katikati ya moto. Ili ifanye kazi vizuri inatakiwa iwe kati ya digrii 500 na 850 za Selsiasi, takriban hivyo. Ikiwa chini ya hapo, masizi yanaganda juu ya kauri na umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka. Ikiwa juu ya hapo, ncha yenyewe inakuwa kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Kwenye injini ya turbo hilo ni jambo la hatari, maana pistoni inaweza kutoboka au kuvunjika kingo zinazoshika ringi.

Kwa hivyo kila injini imepangiwa plagi inayotoa joto kwa kipimo chake. Plagi inayotoa joto haraka inaitwa ya baridi, na inayokaa na joto inaitwa ya moto. Hapa ndipo namba zinapoingia. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Basi usikubali kuambiwa dukani "hii ni namba hiyo hiyo" wakati jina la kampuni ni lingine. Namba 6 ya NGK ni sawa na namba 20 ya Denso, namba 5 ni sawa na 16, na namba 7 ni sawa na 22.

Namba gani, basi?

Chukueni mfano wa NGK iliyoandikwa PFR6G. Ndiyo mtakayoikuta katika Subaru nyingi zenye injini ya EJ20 ya turbo za miaka ya mwanzo ya 2000. Herufi P ni platinamu. Herufi R ina maana kwamba ndani kuna kizuizi cha kupunguza kelele za umeme. Plagi isiyo na R inaweza kusumbua redio, na mbaya zaidi, kompyuta ya gari. Namba 6 ndiyo kipimo cha joto. Mwanya wake ni kama milimita 0.8.

Sasa angalieni mtego. Gari lile lile, umbo lile lile, mwaka ule ule, lakini lisilo na turbo, linatumia plagi yenye mwanya mpana zaidi, mara nyingi milimita 1.1. Kwa NGK, ukiona namba ya plagi imeishia na kistari na 11, huo ndio mwanya wa 1.1. Kijana wa duka la spea anauliza, "Forester ya mwaka gani?" Unamwambia mwaka, anakupa boksi, unarudi Gilgil. Plagi inaingia vizuri kabisa, nyuzi zinalingana, gari linawaka. Halafu linakohoa mlimani vile vile kama mwanzo, kwa sababu mwanya ni mpana kuliko unavyotakiwa kwenye turbo. Kikundi kinasema plagi mpya hazikusaidia, kinaanza kununua koili. Kwa hivyo neno la kwanza dukani liwe ni turbo au si turbo, na la pili namba ya injini. Mwaka uje mwisho.

Na namba ya injini isomwe kwenye injini yenyewe, si kwenye logbook peke yake. Gari la kilomita nyingi huenda limewahi kubadilishiwa injini kwa nyingine ya mtumba kabla halijafika kwenu. Badiliko kama hilo linapaswa kuandikishwa NTSA, lakini si kila mwenye gari hufanya hivyo. Plagi inafuata injini iliyopo ndani ya boneti leo. (Na kama namba hazilingani, hilo ni jambo la kamati kushughulikia mapema, kabla polisi hawajalishughulikia barabarani.)

Kilomita za dashibodi nazo msizitegemee sana. Kuna magari yanayoingia nchini yakiwa yamerudishwa nyuma. Kama hamjui plagi zilibadilishwa lini, zihesabuni kuwa zimezeeka, na muanze hesabu yenu siku mtakayoweka mpya.

Plagi za rali

Tangu mbio za Safari Rally ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, zikiwa na makao Naivasha, magari yanapita Soysambu na Elmenteita, na vijana wetu wanakwenda kutazama kwa miguu. Wazee nao wanakumbuka Subaru Impreza ya Colin McRae ikishinda mwaka 1997, na ya Richard Burns mwaka 2000. Basi mtu akisema "plagi ya rali" moyo unaruka.

Lakini fikirini kazi ya gari la rali. Linakanyagwa mpaka chini kilomita baada ya kilomita, turbo inapuliza muda wote, injini ni kama tanuri. Plagi yake ni lazima iwe ya baridi ili ipone. Gari la kikundi linafanya nini? Linawashwa asubuhi ya baridi ya Gilgil, linakwenda Karunga, linasimama kwenye posho mill, linawashwa tena, linarudi mjini, linangoja abiria likiwa limewaka. Ukiweka plagi ya baridi hivyo humo, ncha haifikii hata joto la kujisafisha. Baada ya wiki chache imejaa masizi na gari linamisi kuliko zamani. Anayehitaji plagi ya baridi kwa hatua moja ni yule ambaye injini yake imeongezwa nguvu ya turbo kupita ya kiwandani. Kama gari lenu lilikuja limefanyiwa hivyo, na zipo zinazokuja hivyo kutoka Japani, hilo ni swali la fundi mwenye kuijua kazi hiyo, wala si la kujibiwa na duka la spea.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo tunaliona kuwa baya zaidi. Injini ya zamani ikianza kula oili, fundi anashauri muweke plagi ya moto zaidi, mathalani namba 5 badala ya 6, "ili iichome ile oili." Enzi za Peugeot 504 yenye kabureta, ujanja huo ulisogeza siku mbele. Kwenye turbo msikubali. Oili ikiingia kwenye moto inafanya petroli ilipuke vibaya kwa urahisi, na plagi ya moto inazidisha hatari hiyo hiyo. Mnaficha ugonjwa huku mkiuongeza.

Kuzisoma zile za zamani

Hii ndiyo sehemu tunayoomba isomwe kwa sauti kwenye mkutano, dereva akiwepo.

Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa kulia, yaani wa dereva, ya 1 ikiwa mbele. Ya 2 na ya 4 ziko upande wa kushoto, ya 2 ikiwa mbele. Chukueni kipande cha kadibodi, mtoboe matundu manne, muandike namba, na kila plagi inayotoka iwekwe tunduni mwake. Fundi akizitupa zote nne pamoja ndani ya kopo, ametupa nusu ya habari mliyokuwa mkimlipa aipate.

Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu, kama majivu ya kuni kavu, ni ya injini yenye afya. Kama zote nne ziko hivyo na tatizo ni mwanya kupanuka tu, shukuruni, nunueni mpya za namba ile ile na kazi imekwisha. Ncha nyeusi yenye masizi makavu, yanayofutika kwa kidole, inasema petroli ni nyingi au hewa ni chache, au gari linatembea safari fupi mno. Angalieni kichungi cha hewa kwanza. Kwa vumbi la barabara zetu, kichungi kinaziba mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Ikiwa nyeusi lakini imelowa na inateleza, hiyo ni oili. Hapa ndipo watu wengi wanahukumu injini bila hatia. Tazameni oili iko wapi. Kama iko juu, kwenye kauri ya nje na ndani ya mpira wa koili, huku ncha iliyokuwa ndani ya silinda ikiwa kavu, basi haikutoka kwenye ringi. Imevuja kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu na mipira inayozunguka shimo la plagi. Ni ugonjwa wa kawaida wa Subaru zenye umri. Dawa yake ni gasketi na mipira mipya, ambayo ni kazi ndogo ukilinganisha na kufungua injini. Oili ikiloweka mpira wa koili, umeme unavujia pembeni na gari linamisi, na plagi mpya hazitasaidia kitu kama uvujaji haujazibwa.

Kama oili iko kwenye ncha yenyewe, hesabuni ni plagi ngapi. Moja tu ikilowa, tatizo liko kwenye silinda hiyo: ringi, au sili za valvu. Zote nne zikilowa kwa usawa, mshukuni turbo kwanza, maana sili zake zikichoka inapuliza oili kwenye njia ya hewa ya silinda zote. Kwa hivyo kadibodi ile ya matundu manne inaweza kuamua kama kikundi kinatengeneza turbo au kinafungua injini nzima.

Plagi moja ikiwa safi ajabu, nyeupe kama imeoshwa, huku wenzake wana rangi, msifurahi. Huenda maji ya rejeta yanaingia katika silinda hiyo na mvuke ndio unaoiosha. Fungueni kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, muone kama maji yanapungua bila kuvuja nje. Na zikiwa zote nyeupe zenye malengelenge, au kauri ina vitone vidogo vinavyong'aa kama vumbi la alumini, lisimamisheni gari hapo hapo. Joto limezidi na pistoni imeanza kuliwa. Chanzo chaweza kuwa petroli haba kwenye silinda, plagi ya moto mno, au mafuta yaliyochanganywa. Uchanganyaji wa mafuta ya taa umekuwa tatizo nchini mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Ile petroli ya chupa ya kando ya barabara muiache, hata kama ni ya jirani yenu.

Kipimo cha kompresheni hapa kwetu juu

Plagi zikiwa nje, mwambieni fundi apime kompresheni ya kila silinda. Ni muda mfupi tu, na mashimo tayari yako wazi. Lakini kuna jambo ambalo limewahi kuwatia watu hasara.

Gilgil iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, shinikizo lake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Geji ya kompresheni inapima hewa ambayo silinda imevuta, na hapa silinda inavuta hewa haba. Kwa hivyo injini nzima kabisa itasoma chini ya namba za kitabu kwa kiasi hicho hicho. Fundi akisema "kitabu kinasema hivi, yenu iko chini, injini imekwisha," muulizeni kwanza: je, silinda nne zinalingana? Kanuni ya mafundi ni kwamba ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu. Zikilingana, zote zikiwa chini kwa moja ya tano, hiyo ni Gilgil, si injini. Moja ikianguka mbali na wenzake, hapo kuna neno.

Chuma cha kawaida, platinamu au iridiamu

Plagi ya kawaida ncha yake ni ya nikeli. Inaliwa haraka, na kwa ujumla inabadilishwa kila kilomita elfu ishirini hivi. Platinamu na iridiamu ni metali ngumu zaidi kwa moto: nikeli inayeyuka kwenye digrii 1,455, platinamu 1,768, iridiamu zaidi ya 2,400. Kwa sababu hiyo ncha inaweza kufanywa nyembamba sana, Denso wanayo ya milimita 0.4, na bado ikadumu. Ncha nyembamba inadai umeme mdogo kuruka, nalo ni jambo jema kwa koili zilizochoka. Plagi hizi huandikiwa mpaka kilomita laki moja, lakini kwa gari la turbo lenye umri tunashauri zifunguliwe na kuangaliwa kabla ya hapo, hata nusu yake.

Mweka hazina atauliza bei. Tufanye hesabu ya mfano tu, bei halisi muulize dukani. Tuseme nikeli ni shilingi 400 moja na platinamu ni 1,500. Nne za nikeli ni 1,600, na kwa kilomita laki moja mtazinunua mara tano, yaani 8,000. Nne za platinamu ni 6,000 mara moja. Hapo hatujaweka pesa ya fundi. Kwenye Subaru, plagi ziko ubavuni, zimebanwa na chasisi. Mara nyingi ni lazima kuondoa betri, chupa ya maji ya kioo na sanduku la kichungi cha hewa ndipo mkono ufike. Mara tano ya kazi hiyo ni pesa.

Ila kuna hali moja tunayokubaliana na mweka hazina. Ikiwa injini inakula oili na bado hamjapata pesa ya kuitengeneza, msiweke iridiamu za bei mle ndani zikalowe. Wekeni za nikeli, za kipimo kile kile cha joto na mwanya ule ule wa turbo, mzibadilishe mapema, huku mkichanga kwa matengenezo.

Za bandia

Plagi zenye majina makubwa zinaigwa. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa mwaka 2008 na mamlaka yake ipo, lakini boksi bado linaweza kukudanganya, iwe Nakuru au Kirinyaga Road kule Nairobi. Fungueni kila boksi hapo hapo kaunta. Plagi nne za kweli zinafanana kama mapacha: maandishi makali kwenye kauri, nyuzi laini zisizo na makovu, mwanya sawa kwa zote, ncha imesimama katikati sawasawa. Ile washa ya chini kwenye plagi halisi ya NGK haitoki kwa urahisi kwa vidole. Ikianguka yenyewe, rudisheni. Bei ya iridiamu ikiwa karibu na ya nikeli, hiyo si iridiamu. Daini risiti yenye jina la duka na namba ya plagi, hata kama mwenye duka ni mtu mnayemjua, maana bila risiti hamna pa kurudi.

Kuzifunga

Injini iwe baridi kabisa. Hedi ni ya alumini, na plagi ikitolewa kwa moto nyuzi zinaweza kutoka nayo. Kabla ya kulegeza, pulizeni shimo kwa pampu ya upepo. Wale wa karibu na machimbo ya Kariandusi wanalijua lile vumbi jeupe. Ni silika, linasaga kama msasa, na likianguka ndani ya silinda kazi yake ni kukwaruza.

Mwanya wa plagi mpya upimwe kwa fila geji, taratibu. Zile za platinamu na iridiamu zisilazimishwe wala kusuguliwa kwa brashi ya waya au msasa, ncha yake inavunjika. Kama mwanya si ule unaotakiwa, mmeuziwa namba nyingine. Anzeni kuzungusha kwa mkono tu, kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovishwa juu ya plagi. Nyuzi zikipishana mpira utateleza badala ya kuharibu hedi. Ikishika mpaka mwisho kwa mkono, plagi mpya yenye washa inakazwa kwa spana nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, basi. Ile ya zamani inayorudishwa inataka kidogo sana, kwa sababu washa imekwisha kubanwa. Grisi kwenye nyuzi haihitajiki, NGK wenyewe wanakataza, kwa sababu inafanya mkono ukaze kupita kiasi.

Gari likiendelea kukohoa baada ya hapo, badilisheni nafasi za koili mbili na mtumie mashine ya kusoma kodi. Kodi P0301 ni silinda ya 1 kumisi, P0302 ya 2, na kuendelea. Kosa likihama pamoja na koili, nunueni koili moja, si nne. Na taa ya injini ikianza kumweka-mweka mkiwa njiani, punguzeni mwendo: petroli isiyoungua inakwenda kuunguza kichujio cha moshi kwenye ekzosi.

Vikundi visivyo na gari

Pampu ya maji ya Honda yenye injini ya GX160 inatumia NGK BPR6ES, mwanya milimita 0.7 mpaka 0.8, na mafundisho ya kuisoma ni yale yale. Kama plagi ya pampu yenu inarudi nyeusi kila mara, hata baada ya kuosha kichungi cha hewa, huenda kosa si la plagi. Pampu hizo hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa hewa ya chini, nayo kabureta haina kompyuta ya kujirekebisha, kwa hivyo huku juu petroli inazidi hewa. Honda wanaeleza kwamba juu ya mita 1,500 kabureta inahitaji jeti ndogo zaidi, na kwamba hata ikiwekwa, nguvu ya injini inapungua kama asilimia tatu na nusu kwa kila mita 300 za kupanda. Muulizeni muuzaji jeti ya nyanda za juu kwa jina hilo. Ni kipande kidogo cha shaba, na mkiwa mnateremsha pampu kuitumia mahali pa chini, kwa mfano kwa ndugu zenu wa Pwani, irudisheni ile ya zamani, la sivyo injini itakosa petroli na kuungua.